Farasi wa Tenzi na Ng'ombe wa Lipingo: Uhakiki wa Maneno ya Kumtafuta Mnyama Aliyepotea

Nchi ya Lipingo, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Nyasa, hupanda upesi. Maji ya ziwa yako kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za juu za Umatengo, zilizo nyuma ya magenge, zafika karibu mita 2,000. Kata hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Mbinga hata mwaka 2012, ilipoundwa Wilaya ya Nyasa. Watu wa ufukweni ni wavuvi na wakulima wa mihogo kwanza, na wafugaji baadaye. Ng'ombe wao si wengi, na kwa sababu hiyo hiyo ng'ombe mmoja asiporudi jioni ni jambo kubwa. Hutafutwa kwa miguu. Mwenyewe hufuata nyayo na mavi, huuliza nyumba kwa nyumba, hupanda mpaka penye majani mabichi wakati wa kiangazi, na akimwona humshusha polepole kwa kuwa njia ya kushuka ndiyo ivunjayo miguu. Farasi hana kazi katika shughuli hiyo, wala hakupata kuwa nayo.

Walakini mtu atakaye kuiandika shughuli hiyo kwa Kiswahili Sanifu, akifungua kamusi, atakuta jambo la ajabu kidogo. Zizi la farasi limejaa maneno. Zizi la ng'ombe lina maneno machache, na hayo machache aghalabu hayakuelezwa sawasawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo ndiyo mama wa kamusi nyingi zilizoifuata, humfaa mpanda farasi kuliko mchunga ng'ombe. Na kamusi zilizotungwa na Waswahili wenyewe baadaye, ya kwanza na kubwa kati ya hizo ikiwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ziliurithi upungufu huo pamoja na mema mengi. Uhakiki huu wahusu upungufu huo, asili yake, na hasara yake. Maana hasara ipo, na humpata mtu asiyefungua kamusi hata siku moja.

Yafaa kuanza na farasi. Jina lenyewe ni la Kiarabu, na vifaa vyake viwili vilivyo vikubwa, hatamu na lijamu, vimetoka huko huko. Bali tandiko ni neno la Kibantu, ndugu yake kutandika kitanda na mkeka. Kigwe ni ugwe mdogo. Na kikuku cha kupandia farasi ni kile kile kikuku avaacho mwanamke, kilichopewa kazi ya kushika mguu wa mpandaji. Kwa hiyo si kweli, kama wanafunzi wapendavyo kusema, kwamba maneno yote ya farasi yameazimwa. Mnyama aliazimwa, na lugha ikamvika kwa nguo zake yenyewe. Hata mwendo wake umepangwa kwa makini: kuna kwenda matiti, na kuna kwenda shoti, na kuna telki ya punda. Hakuna mwendo wa ng'ombe uliopangwa namna hiyo katika Kiswahili kinachofunzwa shuleni, ingawa kila mchunga ajua kwamba ng'ombe aliyeshtuka, ng'ombe mwenye kiu na ng'ombe arudiye kwa ndama wake hawaendi mwendo mmoja.

Utajiri huo una sababu mbili. Ya kwanza ni tenzi. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani mwaka 1728, ni utenzi wa vita vya Mtume na Warumi, na vita haviendi bila farasi. Na tenzi zilizokuja nyuma yake zilifuata desturi hiyo. Washairi wengi wa Lamu na Pate huenda hawakuona farasi wakikimbia kwa wingi hata mara moja, lakini waliwajua kwa masikio, katika visa vilivyotoka Arabuni. Sababu ya pili ni jumba la kifalme la Unguja. Seyyid Said bin Sultan alileta farasi wa Kiarabu kisiwani, na binti yake, Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizopigwa chapa mwaka 1886, ameeleza jinsi wana wa kiume walivyofundishwa kupanda. Farasi wa Kiswahili basi ni mnyama wa shujaa na wa mfalme. Hakuna mshairi aliyempa kazi ya kumfuata mtamba wa maskini mlimani.

Bara hakufika, au alifika akafa. Mbung'o na ndorobo humwua kwa nagana (neno hilo lenyewe ni la Kizulu, likaenea duniani baada ya David Bruce kuuchunguza ugonjwa huo katika nchi ya Wazulu miaka ya 1890), na ugonjwa wa farasi uenezwao na visubi humwua upesi zaidi katika mabonde yenye unyevu. Mwaka 1916 askari wapanda farasi wa Jenerali van Deventer waliteremka kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi, na farasi wao wakafa kwa mamia njiani na baadaye. Wangoni nao, waliovuka Zambezi na Zwangendaba mwaka 1835, na ambao wajukuu zao ni majirani wa Wamatengo na wa Wanyasa mpaka leo, walikuja na ng'ombe. Farasi hawakuwa nao.

Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu hapaswi kulipita. Lugha za Kibantu hazina jina la asili la farasi, na kila moja ilipaswa kuazima. Kwa hiyo jina hilo ni kama alama ya barabara iliyopitwa. Waganda husema embalaasi na Wakikuyu mbarathi, na yote mawili ni farasi wa pwani aliyevaa nguo za nyumbani. Wasotho husema pere, kutoka kwa Waholanzi wa Afrika ya Kusini. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Chichewa kina kavalo, iliyopanda na Wareno kwa mto Zambezi. Lipingo basi iko mahali ambapo barabara mbili karibu zakutana: farasi kutoka mashariki, kavalo kutoka kusini. Jina lilivuka maji na milima hata mahali ambapo mnyama mwenyewe hakuweza kufika. Mtoto wa ufukweni hujifunza tandiko na hatamu darasani kama ajifunzavyo barafu.

Mahali pekee katika Afrika ya Mashariki ambapo farasi na ng'ombe walikutana kwa kazi ya kila siku ni nyanda za juu za Kenya, katika mashamba ya walowezi, ambako baridi huwapunguza wadudu. Lord Delamere alipata ardhi yake Njoro mwaka 1903, na baada yake wakaja wengi. Yamkini hapo ndipo Kiswahili kingepata lugha ya kukusanya ng'ombe juu ya farasi. Hakikuipata. Kilichobaki ni saisi, yaani mtunza farasi, na amri fupi fupi za Kisetla. Sababu si ngumu kuiona. Aliyepanda farasi alikuwa bwana, naye aliisema kazi hiyo kwa Kiingereza. Aliyekwenda kwa miguu nyuma ya ng'ombe alikuwa Mmaasai au Mkalenjin, naye aliisema kwa lugha ya mama yake. Kiswahili kilisimama katikati, mlangoni pa zizi, kikipokea amri. Lugha haipati maneno ya kazi kwa kuamrishwa. Huyapata kwa watu wanaozungumza wao kwa wao huku wakiifanya.

Ingefaa kulinganisha na Lesotho. Huko Wasotho wa Moshoeshoe walianza kupata farasi miaka ya 1830, na katika muda mfupi farasi akawa mnyama wa mlima, wa mchungaji, wa mwenye ng'ombe wake milimani Maloti. Pere ni neno la kuazima kama farasi lilivyo la kuazima. Lakini katika nchi ile mpanda farasi na mwenye ng'ombe ni mtu mmoja, na kwa hiyo maneno ya wanyama wawili hukaa katika kinywa kimoja. Tofauti haiko katika uazimaji.

Sasa ng'ombe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikafanya kazi juu ya msingi huo. Mengi yamesemwa juu ya uchaguzi huo, kwa upande wa Kimvita hasa, na si haja kuyarudia. Lililosemwa kidogo ni hili: Unguja, ng'ombe hufungwa kamba. Hulishwa penye majani kwa urefu wa kamba yake, huhamishwa, hufungwa tena. Ng'ombe wa namna hiyo hapotei ila kwa kukata kamba, na akikata hatafiki mbali. Lahaja iliyochaguliwa ilikuwa na maneno ya kutosha kwa ng'ombe wa kamba; haikuhitaji maneno ya kundi lililotawanyika mlimani usiku. Hapana kosa la mtu. Lakini msingi ule ule ulipopelekwa Mbinga, Usukuma na Umaasai, ulipelekwa na kamba yake.

Tazama kitenzi kuswaga. Ni neno zuri, nalo hutumika sana bara. Mtu atakaye maana yake huambiwa kwamba ni kuendesha wanyama pamoja, basi. Hiyo ni nusu ya maana. Aswagaye yuko nyuma. Aongozaye yuko mbele. Achungaye yuko kando au mahali popote, maana kuchunga ni kuangalia zaidi kuliko kwenda. Na yule akimbiaye kwa ubavu wa mlima ili amtangulie ng'ombe akateremkaye vibaya, amkinge kabla hajafika gengeni, anafanya kazi ya nne, nayo ndiyo kazi halisi ya mpanda farasi wa nchi za milima kokote duniani. Kazi hiyo Kiswahili huisema kwa kukinga au kuwahi mbele, na mtu wa Lipingo huifanya kwa miguu yake na sauti yake. Kamusi ikitaja wanyama tu bila kutaja mahali pa mtu, imeacha lile ambalo kitenzi kimekuja kulisema.

Mfasiri asiye na maneno hayo hukimbilia moja ya mawili. Ama huchukua maneno ya tenzi, na hapo wapanda farasi wake huwateka ng'ombe na kuwashambulia, hata msomaji adhani ni vita vya nyara. Ama huchukua maneno ya ofisi, na ng'ombe wakakusanywa, kama wakusanywavyo siku ya josho au siku ya kuhesabiwa. Kukusanya ni kufanya vitu vilivyo vingi viwe pamoja; hakusemi kwamba vitu hivyo vina miguu na havitaki. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa halionekani. Kila mtu hulielewa, wala hapana aonaye ng'ombe hata mmoja.

Hadithi ya kutafuta wanyama milimani ambayo wasomaji wa Kiswahili huenda waijua kuliko nyingine zote imo katika Biblia, nayo haina farasi: ni ile ya Sauli aliyetumwa na babaye kuwatafuta punda, akapita nchi ya vilima ya Efraimu pamoja na mtumishi mmoja, asiwapate, akarudi na ufalme. Katika Biblia iliyotolewa mwaka 1952, baada ya kuunganishwa kwa tafsiri za Unguja na Mombasa, kisa hicho husomeka vizuri, na sababu ya uzuri wake ni kwamba hakikutaka neno lolote la kupandia. Watu wanapita, wanauliza, wanakosa, wanaishiwa na chakula. Wazee wa Lipingo wangekisimulia vivyo hivyo. Johnson naye, miaka kumi kabla ya kamusi yake kutoka, alitoa tafsiri ya riwaya ya Haggard kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, mwaka 1929, ambamo maksai huvuta gari hata nchi ya mbung'o ikawazuia. Mtu huyo basi aliijua haja ya maneno ya ng'ombe wa safari. Lakini kitabu cha hadithi kilisomwa na watoto, na kamusi ilitungwa kwa ajili ya watu wa ofisi.

Sehemu iliyo nzito zaidi ya jambo hili si msamiati bali ni sarufi, nayo yataka kukaliwa. Mnyama asipoonekana, Kiswahili kina njia nne za kusema. Ng'ombe amepotea: hapo hapana mwenyewe, kuna ng'ombe tu. Ng'ombe amempotea Fulani: mwenyewe ametokea, akiwa amefikiwa na jambo. Fulani amepotewa na ng'ombe: mwenyewe sasa ni mtenda wa sentensi kwa umbo tu, kwa maana ni mtendwa, kama afiwaye na mzazi, aingiwaye na hofu, ajiwaye na mgeni usiku. Fulani amepoteza ng'ombe: kitenzi kimekuwa cha kusababisha, na mkono wa Fulani umo ndani yake. Lugha nyingi za Ulaya hutumia neno moja kwa hayo mawili ya mwisho, na hazimtenganishi aliyepatwa na aliyefanya. Kiswahili kiliwatenganisha zamani, kwa silabi moja.

Tofauti hii inakufa magazetini. Siku hizi mtu aliyefiwa huandikwa kwamba amepoteza baba, kana kwamba alimwacha sokoni. Kwa msiba, labda hapana madhara ila ya ladha. Kwa ng'ombe madhara yapo. Nyuma ya Lipingo, katika miteremko ya Wamatengo, watu hulima kwa ngoro: majani hulazwa kwa miraba, udongo hufunikwa juu yake, na katikati hubaki mashimo yazuiayo maji ya mvua yasichukue shamba zima bondeni. Ni kazi ya mikono ya siku nyingi, na ukingo wa ngoro haukutengenezwa kubeba kwato. Ng'ombe akiingia usiku, asubuhi pana watu wawili mbele ya wazee, mwenye shamba na mwenye ng'ombe, na swali la kwanza ni la kitenzi. Je, huyu alipotewa, au alipoteza? Akiwa alipotewa, yeye na mwenye shamba wamepatwa na jambo moja, na maneno huelekea upatanishi. Kama alipoteza, alipe. Katika mazungumzo wazee huyachagua maneno hayo kwa uangalifu mkubwa. Lakini shauri likiandikwa, mwandishi aliyesoma huandika amepoteza, kwa kuwa ndivyo magazeti yaandikavyo, na karatasi ikienda mbele huenda na hukumu ambayo hakuna aliyeitoa.

Kuna na neno la tatu, ambalo limeingia katika sheria ndogo nyingi za vijiji na miji, yaani mifugo inayozurura. Kuzurura ni kwenda huku na huku bila kazi. Neno hili lilizoea kusemwa juu ya watu. Waliokamatwa Dar es Salaam kwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 waliitwa wazururaji, wakasombwa kwa magari wapelekwe mashambani. Kisha likahamia kwa ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe hazururi kwa kukosa kazi. Afuata majani, au maji, au fahali. Neno kutangatanga lingetosha, nalo halina lawama ndani yake. Mtunga sheria aweza kujibu kwamba alitaka lawama iwemo. Basi na aiweke juu ya mtu, kwa kitenzi cha kuachia, ambacho kina mtenda anayejulikana.

Sheria mbili za mwaka 2010 zaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Sheria Na. 12, ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, imelichukua neno la kale la mchungaji na kulipa kazi mpya. Kufuata ni kufuata nyayo. Kufuatilia ni kufuata mpaka mwisho. Na sasa ufuatiliaji ni kuandikwa kwa mnyama katika daftari, na kutiwa alama ambayo watu wameiita hereni. Ni vyema kusema kwamba hapa lugha ya ofisi haikufanya vibaya. Hereni ni neno la watu wenyewe, na lina mzaha kidogo ndani yake, na ufuatiliaji umebaki karibu na udongo ulikotoka. Sheria Na. 13, ya Maeneo ya Malisho, imeliinua neno malisho vivyo hivyo. Watunga istilahi walipokwenda zizini, walirudi na kitu.

Hata upatanisho wa kisarufi wa ng'ombe una habari yake. Vitabu vya shule hutaka ng'ombe wangu, kwa umoja na kwa wingi. Wazee wengi husema ng'ombe zangu, kama wasemavyo ndugu zangu na rafiki zangu, na mwalimu huwapigia wajukuu zao mstari mwekundu. Ikiwa ndugu na rafiki waruhusiwa upatanisho huo kwa sababu ya ukaribu wao na mwenyewe, ni vigumu kuona kwa nini ng'ombe akatazwe, hasa na mtu asiyepata kumtafuta usiku kucha.

Kazi ya kukusanya maneno haya mahali pake imeanzwa kwa upande wa lugha za jirani. Nobuko Yoneda alitoa msamiati wa Kimatengo mwaka 2006, na kazi ya namna hiyo yastahili kufanywa kwa Kimanda, kwa Kimpoto na kwa Kinyasa cha ufukweni. Lakini Kiswahili cha Lipingo chenyewe, kile kisemwacho na Mmanda akimwuliza Mmatengo kama amemwona mtamba mwekundu mwenye pembe moja iliyoshuka, hakihesabiwi kuwa lahaja wala lugha ya mtu, na hivyo hakuna anayekiandika. Toleo lijalo la kamusi yoyote lingeweza kuanza na kidahizo kimoja. Mbele ya potewa pasiandikwe tu kwamba ni hali ya kutendwa ya potea, bali mwenye mnyama atajwe, na mfano wa matumizi utolewe katika kinywa cha mtu aliye njiani, akipanda, jioni, na ng'ombe hajaonekana.